Ombi la Kuondolewa Ngazi ya Mjane, au Utah Kusogezwa

Orpha Stiltner,
Nyumba ya mwisho kabla ya njia ya mlimani,
Turkey Run, West Virginia.
Alhamisi, siku mbili kabla ya Safari ya Majani.

Kwa Bwana Delbert Coe,
Mwenyekiti, Klabu ya Magari ya Milimani.

Ndugu Mwenyekiti,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, na hapo ulipo napaona, maana nikiinua macho nakuona kupitia dirisha la jikoni umelala chini ya jipu lako, hilo gari lako la milimani, miguu nje. Vaa soksi nzito. Ningeweza kufungua dirisha nikakuita, lakini Jumanne pale posta uliniambia mbele ya watu, "Bi Orpha, kama una malalamiko weka kwa maandishi, kamati itayasoma." Basi nimeweka. Shule mimi niliiachia darasa la nane nikamsaidie mama kulea wadogo zangu, kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya lisogeze mwenyewe. Nilimwomba mume wangu Arlis aniangalizie, akasema, "Andika kama unavyosema. Delbert anakuogopa hivyo hivyo."

Najua Jumamosi magari sitini yatakuja, ya hapa kwetu na ya Ohio na Pennsylvania, yapande mlima kutazama majani yakiwa mekundu. Na kutazama majani sina ugomvi nako. Majani hayo hayo yapo uani kwangu, unayatazama bure ukiwa umekaa kwenye kiti na kikombe cha kahawa, na hakuna mtu aliyewahi kupinduka kwenye kiti changu. Isipokuwa Arlis, mara moja.

Ugomvi wangu ni yale mawe matatu yaliyopandana kule juu, mnayoyaita Ngazi ya Mjane, na binti yangu Tressa, miaka ishirini na minne, mtoto wangu wa pekee, ambaye mmempanga awe wa kwanza kuyapanda mbele ya bwana mgeni kutoka Utah. Huyo bwana nitamfikia. Nafuata utaratibu, kama ulivyotaka.

1. Majina. Nani aliwaruhusu kuziita njia zenu hivyo? Kuna Mvunja Ekseli. Kuna Kwaheri Bampa. Kuna Shimo la Roscoe, na Roscoe mwenyewe yuko hai, ni makamu wako, anakula kwangu kila Ijumaa, lakini mgeni atajuaje? Mama anaambiwa, "Tressa kaenda Ngazi ya Mjane," hebu niambie chakula kitapita wapi. Naomba majina yabadilishwe kabla ya Jumamosi. Nimewatafutia mengine: Polepole Tu, Tulirudi Salama, na hiyo Ngazi iitwe Ngazi ya Binti Aliyemsikiliza Mama Yake. Najua ni refu kwenye kibao. Ongezeni kibao.

2. Upepo wa tairi. Tangu Tressa akiwa na baiskeli nimemfundisha: kabla hujatoka, angalia upepo. Kumbe kwenu mtu anafundishwa kuutoa! Jumamosi iliyopita asubuhi nilitoka kulisha kuku nikakuta jipu lake uani limejikalia chini, tairi zote nne zimelegea kama unga wa mkate uliozidi maji. Nikasema maskini mwanangu, zote nne zimechomwa na misumari. Nikachukua pampu ya mkono nikajaza. Mipigo mia mbili kila tairi, mgongo wangu ni shahidi. Nikaziacha ngumu kama ngoma, nikarudi zangu jikoni nimefurahi.

Mwanangu akapanda mlima na tairi hizo, akarushwa jiwe hadi jiwe kama bisi kwenye sufuria. Mkate wa pepperoni, wenye soseji ndani, niliomfungia ulikutwa umenasa kwenye dari. Alirudi anatembea kiupande.

"Mama, nani kagusa tairi zangu?"

Nikamwambia labda malaika.

"Malaika mwenye pampu ya baba?"

Akanieleza, kwa upole, maana ni mtoto mpole, kwamba nyumba yetu iko chini kabisa ya njia, kwa hiyo yeye hutolea upepo hapa hapa uani, na kwamba tairi laini hulikumbatia jiwe kama kiganja, ngumu huliruka. Nimeelewa. Lakini malalamiko yanabaki pale pale. Mtu anayetoa upepo uani kwa mama yake aweke kibao.

3. Mvua. Jumatano ya wiki jana kwenye ibada ya maombi ulisimama, Ndugu Mwenyekiti, ukaliomba kanisa zima likuombee mvua "ya siku mbili, ya wastani, njia zilainike." Mbele ya watu ambao nyasi zao za ng'ombe bado zinakauka shambani! Ndiyo maana nami nilisimama nyuma yako nikaomba ukavu. Mchungaji alibaki na mikono hewani hajui sala aifungie upande gani, akaishia kusema Bwana anayajua mahitaji ya pande zote mbili. Na kweli anayajua: wiki nzima sasa ni manyunyu, hayanyeshi, hayakauki, nguo zangu ziko kwenye kamba tangu Jumatatu. Klabu iache kupeleka maombi huko juu bila kushauriana na majirani.

4. Majani, na godoro. Nyinyi mnaona uzuri. Mimi naona blanketi lililofunika hatari. Jani likishalala kwenye jiwe lenye maji, hiyo ni sabuni. Kwa hiyo tangu Jumatatu kila asubuhi napanda kule na ufagio wangu, nafagia Ngazi ya Mjane hatua kwa hatua kama ninavyofagia ngazi za kanisa. Sasa nayajua mawe yale kuliko ninavyoijua sakafu yangu. La chini lina ufa upande wa kushoto, unatosha mkono kuingia. La kati limeinama kulia. La juu lina nundu kama kiwiko cha mtu: tairi ikipita kulia kwa nundu inashika, ikipita kushoto inateleza. Majani yote nimeyasogeza pale juu penye uwazi, mbele ya jiwe la mwisho, nikayalundika vizuri. Hakuna haja ya kunishukuru.

Lile godoro lililokutwa juu ya jiwe la kati ni langu pia. Ni la chumba cha wageni. Roscoe alilivuta akalitoa huku ananiambia, "Bi Orpha, jipu halihitaji kulala." Naomba nirudishiwe, au lirudishwe pale pale kwenye jiwe, kamati itakavyoona inafaa.

5. Kufukuzwa kwangu hatua hamsini. Hili limeniuma. Kanuni yenu inasema dereva akiwa kwenye jiwe hamtazami mtu yeyote ila mwelekezaji, yule anayesimama mbele na kuonyesha kwa mikono: njoo, kushoto, kulia, simama. Wengine wote wafunge midomo. Mwaka jana mwelekezaji ulikuwa wewe, na mimi nilikuwa nimesimama kando kwa utulivu kabisa. Nilisema neno moja. Nilisema "Breki!" Pengine nililisema mara nne. Tressa akasikia sauti ile ile iliyokuwa ikimwambia breki tangu ana miaka mitatu na kigari chake cha plastiki, akakanyaga, jipu likarudi nyuma likakaa tumbo juu ya jiwe la kati kama kobe, magurudumu yanazunguka hewani. Mkalivuta kwa winchi saa mbili nzima. Ukanigeukia ukasema, "Bi Orpha, mwelekezaji hapa ni nani?" Nikakujibu, "Na mama yake ni nani?" Watu wa Ohio wakapiga makofi. Mpaka leo sijui walimpigia yupi.

Sasa mwaka huu mmeniletea karatasi kwamba nisisogee, nikae hatua hamsini kutoka kwenye Ngazi. Nimezipima mwenyewe. Hatua hamsini zinaniweka nyuma ya kile choo cha plastiki mlichokodi. Yaani binti yangu anapanda jiwe, na mimi niliyemzaa nautazama ukuta wa choo. Naomba hamsini ziwe tano, na naahidi kufunga mdomo. Nikishindwa Arlis ataufunga kwa mkono wake. Nilipomwuliza alikubali haraka mno.

6. Hapa nasimama niseme haki. Kuna kanuni yenu moja naipenda, nimeinakili nikaibandika kwenye friji. Ile inayosema ukifika kona usipite mpaka uzione taa za gari la nyuma yako. Ukiziona, endelea. Usipoziona, simama ungoje. Magari sitini yanavuka mlima mzima kwa kanuni hiyo, na hakuna anayeachwa, na wala hakuna anayehitaji kuwahesabu wote. Kila mtu anamwangalia mmoja tu, wa nyuma yake. Aliyeitunga alilelewa vizuri.

Malalamiko yangu ni kwamba mnaitumia mlimani tu. Mtu akishashuka, akaoga tope lake, akapata kazi ya mbali, anafika kwenye kona na kukata, wala hatazami kioo.

7. Sasa bwana wa Utah. Anaitwa Bwana Kimball, ana kampuni ya kuwapeleka wageni kwenye yale mawe mekundu ya huko, na anatafuta kiongozi wa msafara. Kasikia habari za Tressa. Jumamosi anakuja kumtazama akipanda Ngazi ya Mjane. Akipanda, kazi ni yake, anaanza Novemba. Asipopanda, bwana anaenda zake kumtazama kijana mwingine Tennessee.

Basi nimeshasema. Ukiondoa majina na tairi na mvua na choo, linalobaki ni hili.

Nimeipima Utah kwenye ramani iliyo ukutani kwetu. Ni shibiri mbili na vidole viwili. Kwa dada yangu Ohio ni ukucha mmoja, na yeye namwona Krismasi tu. Nasikia huko mchana kunaunguza na jioni kunagandisha, ni nchi isiyojua inataka nini. Nani atamwambia avae koti? Kila mtu huko atakuwa anaangalia koti lake mwenyewe.

Jumapili tukimenya matufaha nilimwuliza, "Kweli unataka kwenda?"

Akasema, "Mama, nataka nione kama naweza."

"Uweze nini, kupanda au kwenda?"

"Vyote viwili." Na akalimenya tufaha zima bila kukata ganda. Ganda lile bado ninalo. Hilo usiisomee kamati.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza nilitaka Ngazi ipunguzwe kimo. Halafu nikafikiri, ikipungua si atapanda kirahisi zaidi na kuondoka? Basi iongezwe. Lakini ikiongezwa atajaribu hivyo hivyo na kujiumiza, namjua, hilo kalitoa kwa baba yake. Basi iondolewe kabisa. Lakini ikiondolewa Bwana Kimball atampeleka Mvunja Ekseli. Kwa hiyo nimeona njia ya haki ni mlima wote uondolewe. Nimemwuliza Arlis, aliyechimba makaa miaka thelathini na mmoja, anasema kuondoa mlima inawezekana sana, kule ng'ambo ya bonde kampuni ya makaa iliondoa mmoja tukiwa tunautazama, ila vibali huchukua muda. Kama basi mlima hauwezi kuondoka kabla ya Jumamosi, naomba klabu iandike barua Utah, kwa heshima, wasogee huku. Wao watu wachache, nafasi wanayo. Wakae hapo jirani, Kentucky.

Na kama hata hilo ni gumu, basi kamati impe Tressa alama mbaya. Kwa upole. Iandikwe kwa maneno mazuri, na nakala apewe mama.

Nikiamini kwamba kamati ina wazazi ndani yake, nafungia hapo. Msalimie mkeo, na mama yako na goti lake, na mchungaji ukimwona kabla yangu, na Roscoe ingawa ana godoro langu, na wale watu wa Ohio wa makofi. Mikate ya pepperoni ya kamati nitaileta kama kila mwaka. Malalamiko hayahusiani na chakula.

Jirani yako, mwenye wasiwasi na heshima,
Orpha Stiltner (Mama Tressa)

Nyongeza, Jumapili baada ya kanisa.

Ndugu Mwenyekiti, barua hii sikuiposti. Nilikusudia kukupa mkononi jana, nikaitia kwenye mfuko wa aproni, na humo imeshinda siku nzima. Sasa nasikia umekaa kitini na mguu juu ya mto, na Roscoe anapita nyumba hadi nyumba akisimulia mambo kwa makosa. Kwa hiyo nakuandikia yaliyotokea baada ya wewe kubebwa kupelekwa hema la huduma ya kwanza.

Kwanza huo mguu. Majani yaliyokutelezesha pale mbele ya jiwe la juu, ukiwa umesimama kumwelekeza Tressa, ni lile lundo langu. Rudi kwenye malalamiko namba 4, pale niliposema hakuna haja ya kunishukuru. Nisamehe, Delbert. Supu iliyokuja na barua hii ni ya kuku, imalize yote.

Sasa sikiliza. Ulipobebwa, Tressa alikuwa ameshaanza kupanda jiwe la chini, jipu limeinua pua juu, mbele anaona mawingu tu. Kurudi hawezi, kuendelea bila mwelekezaji hawezi. Roscoe akaja asimame mahali pako. Tressa akatoa kichwa dirishani.

"Si wewe, Roscoe. Wewe kulia na kushoto unavikosea hata mezani. Niitieni mama."

"Mama yako yuko chooni," Roscoe akasema.

"Hayuko chooni, yuko nyuma ya choo. Mama! Najua unanisikia!"

Nikatoka. Nilikuwa na ufagio. Jambo la kwanza nikafagia lile lundo, watu wote sitini na magari yao wananingoja, halafu nikasimama pale penye alama ya kisigino chako. Nikamwambia, "Tressa mwanangu, mimi nitapiga kelele, unanijua."

"Piga. Injini inavuma, huku sisikii kitu. Nionyeshe kwa mikono tu, Mama. Nakutazama wewe peke yako."

Delbert, walinyamaza wote. Hata Ohio. Nikauma pindo la aproni kwa meno, nikainua mikono. Nikamtoa kwenye ufa. Nikamlaza kulia kwenye jiwe la kati, akateremka kidogo, moyo wangu ukateremka naye, nikamwonyesha tulia, akatulia. Tairi nilizoziona zimelegea nazo zikalishika lile jiwe kama alivyosema, kama kiganja. Ikabaki nundu. Na mkono wangu wa kulia ulitaka kusema simama. Miaka ishirini na minne unasema simama, umezoea. Nikaufanya useme njoo. Njoo kidogo. Njoo. Kila alivyokuwa anakuja kwangu ndivyo alivyokuwa anakwenda Utah, nilijua, sikuwa mjinga, na nikaendelea kumwambia njoo mpaka bampa ikagusa aproni.

Roscoe anasema nililia. Ni manyunyu.

Bwana Kimball akavua kofia. Ni mtu wa adabu, amekula mikate yangu minne. Akampa Tressa mkono pale pale, kinywa kimejaa, akasema Novemba. Halafu akaniuliza mimi kama natafuta kazi. Nikamwuliza, "Kwenu kuna majani?" Akasema hakuna, kuna mchanga. Nikamwambia na mchanga nao unafagilika. Akacheka, lakini mimi sikuwa natania sana.

Sasa hili ndilo Roscoe analolikosea kabisa, kwa hiyo lisome vizuri. Tressa alienda mbele kuongoza msafara, magari mengine yakapanda moja moja kwa njia ya pembeni inayoizunguka Ngazi. Mimi nilikaa juu ya jiwe na ufagio wangu. Mara naona foleni imesimama. Gari mpaka gari. Watu wanachungulia. Kila gari lina redio ya mawasiliano imefunguliwa, kwa hiyo mlima wote tulisikia.

"Tressa, umekwama?" Ni Roscoe.

"Hapana."

"Basi kata kona. Gari la nyuma yako lipo, mimi naliona kutoka hapa."

"Na mimi naliona."

"Sasa unangoja nini, dada?"

"Namngoja mama. Bado hajatokea."

Nikasimama. Nikaweka ufagio begani nikapanda ile njia kwa miguu, nikiyapita magari yote, vioo vimeshushwa, mtu wa Pennsylvania akanipa biskuti. Nilipofika mahali ambapo aliweza kuniona kwenye kioo, mwanangu akawasha taa za nyuma mara mbili. Halafu akakata kona.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, malalamiko yangu nayafuta. Namba 1 ifuteni, Ngazi ibaki na jina lake. Namba 2, tairi za Tressa kuanzia sasa nazitoa upepo mimi mwenyewe. Namba 3, leo baada ya ibada nimemwambia mchungaji kwamba manyunyu yale yalikuwa kipimo kizuri. Mlima uacheni ulipo na Utah iacheni ilipo. Ile alama mbaya ya upole msiiandike, na kama Roscoe ameshaiandika, mwambieni aile. Namba 5 siifuti, naibadilisha: mwakani niandikeni mwelekezaji wa Ngazi ya Mjane, kizibao cha rangi ya chungwa saizi kubwa, chenye mfuko.

Godoro ndilo nalihitaji leo leo. Bwana Kimball analala kwetu.

Tressa anaondoka tarehe tano Novemba, saa mbili asubuhi. Kona ya kwanza kutoka kwetu ni pale kwenye sanduku lako la barua, na nakuomba asubuhi hiyo usitoe gari, maana ameniambia atasimama pale mpaka anione nimetoka barazani. Nitachukua muda kidogo, kuna koti la kumpelekea. Kona nimeshaifagia, na safari hii lundo nimeliweka mbali na miguu ya watu.

O.